Vifaranga wa samaki: Kinga dhidi ya bakteria huanza kabla yai halijaanguliwa

MLAJI wa sato anayeketi katika mgahawa wa Mwanza, Kisumu au Dar es Salaam akisubiri samaki wake wa kukaanga, kwa kawaida hajiulizi samaki huyo alizaliwa wapi. Zamani jibu lilikuwa moja tu, nalo ni ziwani. Siku hizi sehemu ya sato wanaofika mezani, na kambale pia, walianza maisha yao ndani ya banda lenye matangi, mitungi ya kutotoleshea mayai na pampu za hewa, wakalelewa kwa chakula cha unga, kisha wakauzwa kwa wafugaji wakiwa hawajafikia urefu wa kidole.

Ni katika majuma hayo machache ya mwanzo ambapo biashara nzima ya ufugaji wa samaki huweza kuanguka. Tangi lenye maelfu ya vifaranga lililoachwa jioni likiwa salama huweza kukutwa asubuhi limetandwa na samaki waliokufa. Mara nyingi muuaji ni bakteria, na mara nyingi zaidi bakteria huyo hakuletwa na mtu yeyote usiku huo. Alikuwamo majini siku zote, akingoja nafasi.

Hasara ya namna hiyo haibaki ndani ya ua wa kituo kilichozalisha vifaranga. Mfugaji mdogo aliyekopa fedha, akachimba bwawa au kununua kizimba na kulipia vifaranga wanaoonekana wazima, huweza kuwapoteza ndani ya siku chache bila kujua kwamba aliuziwa ugonjwa pamoja na samaki. Naye mlaji wa mjini, ambaye hajawahi kuliona bwawa, anaguswa kwa njia nyingine: kituo kilichokata tamaa hukimbilia dawa za kuua bakteria, na bakteria waliozoea dawa hawaheshimu mpaka kati ya samaki na binadamu.

Kwa nini wachanga hufa haraka

Samaki, kama alivyo binadamu, ana namna mbili za kujikinga. Ya kwanza ni ile anayozaliwa nayo: ute unaofunika ngozi, ngozi yenyewe, na chembe za damu zinazomeza wavamizi bila kubagua. Ya pili ni ya kujifunza. Hiyo humwezesha kumtambua adui aliyewahi kumshambulia na kumtengenezea kingamwili mahususi.

Kifaranga aliyeanguliwa jana ana kinga ya kwanza tu, nayo bado ni dhaifu. Ile ya pili hukomaa taratibu kwa majuma kadhaa. Mama humwachia mtoto akiba ndogo ya kingamwili ndani ya kiini cha yai, ndiyo maana watafiti wamejaribu kuwachanja samaki wazazi ili watoto wao wafaidike. Akiba hiyo, hata hivyo, hupungua kadiri kiini kinavyokwisha, na kifaranga hubaki peke yake wakati uleule anapoanza kula na kunyemelewa na kila kilichomo ndani ya maji.

Mtoto wa binadamu hupumua hewa ambayo haina vijidudu vingi. Kifaranga wa samaki huishi ndani ya kitu kimoja ambacho ni hewa yake, chakula chake na choo chake. Matamvua yake, yaani viungo vinavyovuta oksijeni kutoka majini, ni membamba mno, na maji yanayopita humo hubeba maelfu ya bakteria kwa kila tone. Wengi wao hawana madhara. Wachache hawahitaji zaidi ya kovu dogo, ute uliokwanguliwa na wavu mkavu, au usiku mmoja wa upungufu wa oksijeni.

Hapo ndipo penye tofauti kubwa kati ya ugonjwa wa samaki na magonjwa mengi ambayo wasomaji wameyazoea. Kipindupindu huingia mjini kutoka nje, na mamlaka za afya hutafuta kilikotoka. Katika tangi la vifaranga, swali la kwanza si nani aliyeleta bakteria, bali ni nini kilichowadhoofisha samaki.

Wahusika wakuu

Anayeogopwa zaidi katika maji ya joto ni Flavobacterium, anayesababisha ugonjwa uitwao kolumnarisi. Ulielezwa kisayansi mwaka 1922 na Mmarekani Herbert Spencer Davis, aliyeuchunguza kwa samaki wa Mto Mississippi, na jina lake lilitokana na jinsi bakteria hao wanavyojikusanya mithili ya nguzo wakitazamwa kwa hadubini. Kwa miaka mingi walihesabiwa kuwa aina moja. Mwaka 2022 wanasayansi waliwagawa kuwa aina nne, na mojawapo ikapewa jina la oreochromis, ambalo ndilo jina la jenasi ya sato mwenyewe.

Dalili zake ni mabaka meupe au ya manjano mdomoni, kwenye mapezi na mgongoni, wakati mwingine yakizunguka mgongo kama tandiko la punda. Kwa vifaranga, hata hivyo, mabaka hayo huenda yasionekane kabisa. Bakteria hushika matamvua, samaki hukosa pumzi, na vifo huanza ndani ya siku moja au mbili. Joto la nyuzi 25 hadi 32, ambalo sato hulipenda kwa ukuaji, ndilo ambalo Flavobacterium naye hulipenda.

Yupo pia Aeromonas, mkazi wa kudumu wa maziwa, mito na mabwawa yote. Huyu husubiri samaki ajeruhiwe au achoke, kisha humtia madoa mekundu, tumbo la kujaa maji na macho yaliyotokeza. Kumwondoa kabisa majini ni ndoto, na kituo kinachodai kimemmaliza kinajidanganya.

Wa tatu ni Streptococcus. Kwa kawaida huua samaki wakubwa kidogo, hasa maji yanapopata joto kali, akiwafanya waogelee kwa kuzunguka kama waliolewa. Lakini anahusika na vituo vya vifaranga kwa sababu huweza kukaa ndani ya samaki wazazi bila dalili, na utafiti umeonyesha kwamba huweza kupita kutoka kwa mzazi hadi kwa mtoto. Nchini Ghana, watafiti walimthibitisha kuwa miongoni mwa sababu za vifo vya sato wanaofugwa katika Ziwa Volta, na katika Ziwa Kariba upande wa Zambia alipatikana ndugu yake wa karibu, Lactococcus. Hayo ni maziwa yaliyotangulia kufuga sato kwa wingi katika vizimba, na yanayotokea huko yanafaa kutazamwa kwa makini na nchi zinazolizunguka Ziwa Victoria.

Si kila kifo ni cha bakteria. Mwaka 2022 wafugaji wa vizimba upande wa Kenya walipoteza samaki wengi kwa sababu ya maji yaliyoishiwa oksijeni. Mfugaji aliyemwaga dawa siku hiyo alimwaga fedha.

Somo kutoka Norway

Nchi iliyojifunza jambo hili kwa gharama kubwa ni Norway. Mwishoni mwa miaka ya 1970, katika eneo la kisiwa cha Hitra, ulizuka ugonjwa wa bakteria ulioua samaki aina ya salmoni katika vizimba vya baharini. Mwaka 1985 ukaongezeka mwingine, furunkulosi, ulioingia pamoja na samaki wachanga walioagizwa kutoka Scotland. Wafugaji walijibu kwa kuchanganya dawa katika chakula. Mwaka 1987 matumizi ya dawa za kuua bakteria katika ufugaji wa samaki nchini humo yalifikia takriban tani 50, kwa zao ambalo halikufika hata tani 100,000 za samaki.

Kisha mambo yakageuka. Chanjo za sindano zilizochanganywa na mafuta ziliingia sokoni mwanzoni mwa miaka ya 1990, mashamba yakatenganishwa, samaki wa mwaka mmoja wakazuiwa kuchanganywa na wa mwaka uliotangulia, na vizimba vikapumzishwa kati ya zao na zao. Kabla miaka ya 1990 haijaisha matumizi ya dawa yalikuwa yameshuka chini ya tani 2. Leo Norway huvuna zaidi ya tani milioni moja za samaki kwa mwaka, huku dawa hizo zikipimwa kwa kilo badala ya makumi ya tani.

Kisa hicho husimuliwa sana kama ushindi wa chanjo, na kwa kiasi kikubwa ndivyo kilivyo. Lakini husimuliwa nusu. Samaki wa Norway huchanjwa akiwa tayari na uzito wa makumi ya gramu, baada ya kulelewa kwa miezi mingi katika maji baridi ya kituo. Kufika umri huo akiwa hai, hakutegemea sindano. Alitegemea mayai yaliyooshwa kwa dawa, maji yaliyochujwa, na wafanyakazi waliovua viatu mlangoni.

Kwa sato hali ni ngumu zaidi. Chanjo ya kuchovya kwa kawaida huanza kuwa na maana samaki anapokaribia gramu moja, na ya sindano huhitaji samaki wa gramu 15 na kuendelea. Kifaranga anayeuzwa na vituo vingi vya Afrika Mashariki huondoka kituoni kabla ya kufikia hata kipimo hicho cha kwanza. Kwa hiyo katika majuma yake ya hatari kubwa hakuna sindano ya kumwokoa.

Mzazi kwanza

Kazi ya kinga huanzia kwa samaki wazazi. Kituo makini hakinunui mzazi leo na kumtia kesho katika tangi la kuzalishia pamoja na wengine. Humweka karantini, peke yake na vifaa vyake, kwa majuma kadhaa, akichunguzwa ngozi, matamvua na mwenendo. Wachache huchinjwa ili viungo vyao vipimwe maabara, kwa kuwa mbebaji wa Streptococcus hatangazi hali yake.

Wazazi waliovuliwa ziwani huvutia kwa bei, lakini huja na vimelea vya ziwani. Vituo vingi hulijua hilo, na bado huwachukua kila mahitaji yanapopanda.

Yai na mdomo wa mama

Sato jike hubeba mayai yake mdomoni. Humo huyageuzageuza, huyapitishia maji safi na huyaondoa yaliyoharibika. Vituo vikubwa huyatoa mayai hayo mdomoni kila baada ya siku chache na kuyaweka katika mitungi ambayo maji huingia kwa chini na kuyafanya yacheze taratibu. Faida yake ni kwamba mama hurudi kuzaa mapema, na vifaranga wote hupatikana wakiwa wa umri mmoja. Hasara yake ni kwamba kazi ya usafi iliyokuwa ikifanywa na mama sasa ni ya binadamu.

Yai lililokufa hugeuka jeupe, na ndani ya saa chache huota ukungu unaofanana na pamba. Ukungu huo hushika mayai mazima yaliyo jirani, na mabaki yake huwa shamba la bakteria. Mfanyakazi anayeyaondoa mayai meupe asubuhi na jioni kwa mrija mwembamba anafanya kazi ya kinga kuliko chupa yoyote ya dawa iliyoko rafuni.

Ganda la yai nalo hubeba bakteria kutoka kwa mama. Kwa mayai ya salmoni na jamaa zake, kanuni ya kimataifa ni kuyaosha katika maji yenye miligramu 100 za iodini kwa lita kwa muda usiopungua dakika 10, kisha kuyasuuza. Dawa hiyo huua kilichoko juu ya ganda tu. Haifiki ndani, na haimwondoi Streptococcus aliyekwisha kupenya, ndiyo maana uchunguzi wa wazazi hauwezi kurukwa. Isitoshe, katika maji laini iodini huongeza asidi na huweza kuyaunguza mayai, kwa hiyo kwa mayai ya sato kipimo hujaribiwa kwanza kwa mayai machache kabla ya kumwagiwa yote.

Ipo dawa ya kijani kibichi iitwayo malakaiti, iliyotumika zamani duniani kote dhidi ya ukungu wa mayai. Ilikuwa rahisi na iliua ukungu vizuri. Imepigwa marufuku kwa samaki wa kuliwa katika Ulaya, Marekani na nchi nyingine nyingi, kwa kuwa inashukiwa kusababisha saratani na mabaki yake hukaa mwilini mwa samaki kwa muda mrefu. Yeyote anayeikuta kituoni ana sababu ya kutonunua.

Kambale hana tabia ya kubeba mayai mdomoni. Mayai yake hukamuliwa kutoka kwa jike aliyechomwa homoni, hunata kwenye wavu au majani, na huanguliwa ndani ya saa 24 hadi 36 maji yakiwa na joto la nyuzi 28 hivi. Maganda na mayai mabovu yanayobaki lazima yatolewe mara moja, maana huoza upesi mno. Chakula cha kwanza cha kambale mara nyingi ni artemia, mdudu mdogo wa maji ya chumvi ambaye mayai yake makavu huuzwa kwenye makopo, mengi yakitoka Great Salt Lake huko Utah, Marekani. Maganda ya mayai hayo hujaa bakteria, na vituo vyenye uangalifu huyaosha kwa klorini kabla ya kuyaangua. Visivyo na uangalifu hulisha vifaranga ugonjwa kwa kijiko.

Maji masafi si lazima yawe matupu

Maji ya kisima kirefu hayana samaki wa porini wala vimelea vyao, lakini hutoka ardhini yakiwa na oksijeni kidogo na huhitaji kurushwarushwa hewani. Maji ya ziwa yana oksijeni, lakini huja na kila kitu. Anayelazimika kuyatumia huyapitisha kwenye kichujio cha mchanga, na mwenye uwezo huongeza taa za mionzi ya urujuanimno zinazoua bakteria. Mpangilio huo hauwezi kugeuzwa. Taa haiui bakteria aliyejificha nyuma ya chembe ya tope, kwa hiyo kituo kilichonunua taa ya bei ghali bila kichujio kimenunua pambo.

Watafiti wa Trondheim, Norway, tangu miaka ya 1990 wameonyesha jambo linalopingana na mawazo ya kawaida. Maji yaliyouliwa bakteria wote na kumwagwa moja kwa moja katika tangi lenye vifaranga na chakula huwa kama shamba lililofyekwa: wa kwanza kuota ni magugu. Bakteria wanaozaliana kwa kasi, ambao mara nyingi ndio wenye madhara, hujaza nafasi iliyoachwa. Dawa yake ni kuyaacha maji yaliyosafishwa yapite kwanza katika kichujio kilicho hai, chenye bakteria wapole wanaokua taratibu na kula mabaki, ndipo yaingie kwa vifaranga. Vifo hupungua, ingawa idadi ya bakteria kwa jumla huenda isipungue.

Hoja hiyo ina maana kwa kituo cha Morogoro au Homa Bay kama ilivyo kwa Trondheim. Lengo si kuwa na maji yasiyo na uhai, bali maji yasiyobadilika ghafla na yasiyo na mabaki ya chakula.

Mabaki hayo ndiyo tatizo la kila siku. Vifaranga wa sato hulishwa unga wenye homoni kwa siku 21 hadi 28 ili wote wawe madume, kwa kuwa madume hukua haraka na hayajazi bwawa watoto. (Homoni hiyo, ambayo wateja wa mjini huiulizia sana, hutolewa samaki akiwa mdogo sana, miezi mingi kabla ya kuuzwa.) Katika majuma hayo chakula hutolewa mara nyingi kwa siku, na mwanzoni kiasi chake kwa siku huweza kufikia asilimia 20 ya uzito wa samaki au zaidi. Hakuna tangi linaloweza kula chote. Kinachobaki huzama, huoza, hulisha bakteria na kutoa amonia.

Amonia huchoma matamvua na kufungua mlango kwa Flavobacterium. Ukali wake huongezeka joto linapopanda na maji yanapopungua asidi, jambo linalotokea mchana katika mabwawa yenye maji ya kijani. Kwa hiyo vipimo vilivyochukuliwa asubuhi pekee humdanganya mwenye kituo. Oksijeni nayo huwa kinyume: hushuka chini kabisa kabla ya alfajiri, na inafaa isipungue miligramu 5 kwa lita. Mpira wa kunyonyea uchafu chini ya tangi, kipimo cha oksijeni na jenereta ya akiba huokoa vifaranga wengi kuliko dawa. Mahali ambapo umeme hukatika bila taarifa, jenereta ndiyo chanjo ya kwanza.

Msongamano hauhitaji maelezo marefu. Kila mwenye kituo anajua kwamba amewajaza kupita kiasi, na kila mmoja anatumaini kuwauza kabla hawajaugua.

Mikono, nyavu na viatu

Bakteria husafiri kutoka tangi hadi tangi kwa wavu mmoja uliochovywa kote. Kila tangi liwe na wavu wake, au nyavu zilowekwe katika dawa na kusuuzwa kati ya tangi na tangi. Mfanyakazi huanza na vifaranga wadogo na wazima, na humalizia kwa wagonjwa, kamwe si kinyume chake. Mlangoni huwekwa beseni lenye dawa ya kukanyagia, ambayo lazima ibadilishwe, kwani beseni lililojaa tope la juzi halizuii chochote. Waliokufa hutolewa mara tu wanapoonekana na kuzikwa na chokaa mbali na chanzo cha maji, wala si kutupiwa bata au samaki wengine.

Baada ya kila kundi kuuzwa, tangi humwagwa, husuguliwa, hutiwa klorini na kuachwa likauke juani. Siku hizo za ukavu humuuma mfanyabiashara, kwa kuwa tangi kavu halizalishi fedha. Lakini Flavobacterium hujenga utando juu ya kuta zenye unyevu, na utando huo huwasubiri wageni wapya.

Chumvi ya kawaida nayo ina nafasi yake. Kiasi kidogo, gramu 1 hadi 3 kwa lita, humpunguzia kifaranga kazi ya kurekebisha maji ya mwili na humfanya Flavobacterium ashindwe kushika vizuri. Ni rahisi, haina mabaki ya kuogopwa, na inapatikana kila duka.

Dawa inapoharibu zaidi

Vifo vinapoanza, kishawishi cha kununua dawa ya kuua bakteria katika duka la pembejeo za mifugo ni kikubwa. Mara nyingi dawa hiyo ni ya familia ya tetrasaiklini, ambayo hutumika pia kutibu binadamu. Samaki mgonjwa, hata hivyo, huacha kula kwanza kabla ya yote. Dawa iliyochanganywa katika chakula huliwa na walio wazima, huku wagonjwa wakifa na njaa yao. Ikimwagwa majini badala yake, huwaua bakteria wapole wa kichujio waliokuwa wakiivunja amonia, na siku chache baadaye matangi yaliyonusurika hupata sumu.

Kinachobaki ni kwenye matope na katika bomba la maji machafu: bakteria wachache walioizoea dawa, wakiwa na uwezo wa kuwapa wenzao siri hiyo. Watafiti wa kimataifa walikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 1.27 walikufa duniani kwa sababu ya maambukizi ya bakteria sugu. Sehemu kubwa ya usugu huo hutokana na matumizi mabaya ya dawa kwa binadamu na mifugo, na si haki kuwabebesha wafugaji wa samaki mzigo wote. Lakini bwawa linalomwaga maji yake mtoni, ambako watu huchota, si mahali pa kufanyia majaribio.

Wapo pia bakteria wa samaki wanaoweza kumdhuru binadamu moja kwa moja. Mwaka 2015 nchini Singapore zaidi ya watu 100 waliugua kutokana na aina ya Streptococcus iliyohusishwa na ulaji wa samaki wabichi wa maji baridi, na serikali ikapiga marufuku uuzaji wake kwa kuliwa vibichi. Samaki aliyepikwa vizuri hana hatari hiyo.

Pale ambapo dawa inahitajika kweli, hatua ya kwanza ni maabara. Samaki wanaokaribia kufa, si waliokwisha kuoza, hupelekwa kupimwa, bakteria huoteshwa, na hujaribiwa ni dawa ipi inayomuua. Tanzania ina wataalamu wa fani hiyo katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo mjini Morogoro na katika Wakala ya Maabara ya Veterinari. Tatizo ni umbali na muda: matokeo huchukua siku kadhaa, wakati tangi la vifaranga huisha kwa siku mbili. Ni sababu nyingine inayofanya kazi yote irudi kwenye kinga.

Mahitaji yanayokimbia kuliko vituo

Kenya ililiona hilo mapema. Mwaka 2009, katika mpango wake wa kuchochea uchumi, serikali iliamua kuchimba mabwawa 200 ya mita za mraba 300 katika kila moja ya majimbo 140 ya uchaguzi. Kila bwawa lilihitaji vifaranga takriban 1,000, hesabu inayofika milioni 28. Kituo cha serikali cha Sagana, kilichoanzishwa mwaka 1948, hakikuweza kukidhi mahitaji hayo peke yake, na vituo vya binafsi vikachipuka upesi. Uhaba wa namna hiyo humfanya mnunuzi achukue chochote kilichopo.

Tanzania sasa iko katika njia hiyohiyo. Mwaka 2024 serikali iligawa vizimba na boti kwa mkopo jijini Mwanza, na Uganda ina vizimba katika Ziwa Victoria tangu miaka ya 2000. Kizimba hujengwa kwa majuma machache. Kituo kizuri cha vifaranga, chenye wazazi waliochunguzwa na wafanyakazi waliofundishika, huchukua miaka. Ikiwa mikopo itaendelea kwenda kwenye vizimba pekee, vifaranga watakaovijaza watatoka kokote.

Mnunuzi aliyeko mlangoni mwa kituo ana mambo machache anayoweza kuyakagua mwenyewe. Aombe kuona tangi walimo vifaranga wake, si lile la maonyesho. Wazima hukimbilia chakula na huelekea upande maji yanakotoka. Wanaokusanyika juu wakipapasa hewa, wenye mapezi yaliyoliwa au rangi iliyofifia, waachwe. Aulize vifo vya juma lililopita vilikuwa vingapi. Kituo kinachojibu kuwa hakuna kabisa hakina daftari, au kina daftari la uongo.

Vifaranga hufungwa wakiwa wameshinda bila kula kwa takriban siku moja, ili wasichafue maji ya mfuko. Mfuko hutiwa maji theluthi moja na oksijeni sehemu iliyobaki, na safari hufanywa alfajiri au usiku. Bwawani, mfuko huachwa uelee kwa dakika 15 hadi 30 ili joto lilingane, kisha maji ya bwawa huingizwa kidogo kidogo. Vifaranga hunyanyuliwa kwa wavu laini uliolowa, na maji ya mfuko humwagwa nchi kavu, mbali na bwawa.